Barafu ya Kale Katika Miamba ya Katanga

Ardhi ambayo mji wa Lubumbashi ulijengwa juu yake mwaka 1910 hujulikana zaidi kwa shaba, lakini miamba ya Katanga imehifadhi pia historia ya barafu nene, ya aina inayoonekana leo Antaktika, ambako migongo ya milima hutokeza juu ya uwanda mweupe. Historia hiyo imo katika matabaka mawili yanayoitwa Grand Conglomérat na Petit Conglomérat, konglomerati ikiwa ni mwamba wa mawe na kokoto zilizoshikamana.

Katika tabaka kubwa, lenye umri wa takriban miaka milioni 700, mawe makubwa kwa madogo yamekaa bila mpangilio ndani ya tope laini lililogeuka mwamba. Maji ya mto huyapanga mawe kwa ukubwa wake; barafuto, yaani barafu ya nchi kavu inayoteremka polepole kwa uzito wake yenyewe, hukwangua mgongo wa mlima na kubeba kila kitu bila kuchagua, na mawe iliyoyaburuta hubaki na mikwaruzo. Wapo watafiti wanaosisitiza kwamba sehemu kubwa ya mzigo huo iliporomoka baharini kutoka kingo za bonde la ufa. Hoja hiyo ina uzito, ingawa haiiondoi barafu, kwa kuwa maporomoko yangeweza kubeba kilicholetwa na barafuto. Tabaka dogo, la miaka milioni 635 hivi, limefunikwa na chokaa ya rangi ya waridi, dalili ya bahari iliyopata joto tena.

Jules Cornet, mwanajiolojia Mbelgiji aliyefika Katanga mwaka 1892, na baada yake kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, walielekeza macho kwenye miamba ya Roan, iliyo ya kale zaidi, ambayo mafundi wenyeji walikwisha kuyeyusha shaba yake kwa karne nyingi. Konglomerati ikahesabiwa kuwa kifuniko tu, na dhana hiyo ilidumu mno, mpaka ilipobainika huko Kamoa, magharibi mwa Kolwezi, kwamba shaba nyingi imelala kwenye kitako cha Grand Conglomérat: maji ya chumvi yaliyobeba shaba yalipanda kutoka Roan, yakakutana na mashapo ya enzi ya barafu yenye salfa nyingi, na shaba ikaganda hapo. Mgodi wa Kamoa-Kakula ulianza uzalishaji mwaka 2021. Hata Kipushi, jirani ya Lubumbashi, zinki na shaba zimo katika chokaa ya Kakontwe, iliyojijenga juu ya konglomerati hiyo barafu ilipokwisha kuyeyuka.