Mboga za uani, namna ya kuzikausha, na nyuki wadogo: maelezo kwa mwenye kiwanja kidogo

Leo naandika kuhusu shughuli isiyodai cheti: kulima mboga uani, kuzihifadhi zisioze, na kufuga nyuki hapo hapo nyumbani bila kugombana na majirani. Mimi niko Dodoma, kwa hiyo mengi nitakayosema ni ya huku kwenye ukame. Mdau wa Bukoba au Lushoto, ambaye kwake mvua haikatiki, chukua linalokufaa.

Huku kwetu mvua inakuja mara moja kwa mwaka, inaanza Desemba na kuisha Aprili, na mara nyingi haifiki hata milimita 600. Miezi inayobaki ni vumbi na upepo. Wakati wa mvua mchicha unaota mpaka kwenye mtaro na muuzaji anakuongezea fungu bila kuombwa. Ngoja Septemba ifike. Fungu linakuwa kama shada la bibi harusi, bei imepanda, na majani yenyewe yameshachoka. Nyumbani kwetu tuko saba, na miaka ya nyuma miezi hiyo ilikuwa dagaa na maharage mpaka watoto wanakimbia sahani. Kulima mboga Februari hakuna ujanja wowote, hata jani linajiotea. Kazi ni kuhakikisha Septemba kuna kitu kwenye sufuria, na hapo ndo yanapoingia haya mambo mengine mawili.

BUSTANI

Kama una nafasi ya ukubwa wa kitanda, inatosha kuanza. Huku kwenye ukame usiinue tuta, lizamishe. Chimba kama futi moja, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza (samadi mbichi inaunguza miche), rudisha, lakini acha kitanda kiwe chini ya usawa wa ardhi kidogo ili maji yabaki pale pale. Juu yake tandaza nyasi kavu. Mwagilia jioni, manake ukimwagilia saa sita unawanywesha jua.

Asiye na hata hiyo nafasi atumie gunia. Unalisimamisha, katikati unaweka kopo kubwa lisilo na kitako, unalijaza kokoto, pembeni unajaza udongo uliochanganywa na samadi. Ukijaza usawa wa kopo, unalivuta juu, unaongeza kokoto, unaongeza udongo, hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Inabaki nguzo ya kokoto katikati, ambayo ndiyo njia ya maji kufika chini. Halafu unatoboa matundu ubavuni na kupachika miche ya sukuma wiki au chainizi. Gunia moja linabeba miche mingi kuliko unavyodhani, na kuku hawalifikii kirahisi.

Maji ndo kilio chetu. Ya kusuuzia mboga na vyombo yanafaa, ilmradi siyo yale ya kwanza yenye sabuni na mafuta. Kwenye mboga zinazoliwa mbichi usiyatumie kabisa.

Cha kupanda? Mchicha kwanza, kwa sababu wiki tatu hadi nne unakula. Matembele hayahitaji mbegu, omba vipande vya mashina kwa jirani, urefu wa rula, ufukie nusu. Sukuma wiki unaisia kwenye kitalu, unahamisha baada ya wiki nne hivi, na ukiwa unachuma majani ya chini tu itakulisha miezi. Kunde, kwa majani yake. Na boga, hata kama ni shina moja tu linalotambaa kwenye uzio.

Kwenye boga nasimama kidogo. Boga lina maua ya aina mbili kwenye shina moja, dume na jike. Jike utalijua kwa kile kiboga kidogo chini ya ua. Yanafunguka alfajiri na kufika mchana yameshafunga, basi. Ndani ya masaa hayo machache lazima mdudu atoe chavua kwa dume apeleke kwa jike, la sivyo kile kiboga kinanyauka, kinageuka njano na kudondoka. Watu wengi mtaani wakiona hivyo wanasema boga limerogwa au udongo umechoka, wanakimbilia kuongeza mbolea. Angalia kwanza kama kuna nyuki. Wasipokuwepo, unaweza kufanya mwenyewe: chuma ua dume asubuhi mapema, toa petali zake, paka ile chavua katikati ya ua jike. Matango na matikiti ni hivyo hivyo. Nyanya hazina shida hiyo, ua lake linajichavusha lenyewe kwa kutikiswa na upepo.

Sasa wadudu waharibifu. Vidukari kwenye kunde na sukuma wiki nawanyunyizia maji ya majani ya mwarobaini yaliyopondwa na kulowekwa usiku kucha. Ukilazimika kutumia dawa ya dukani, soma kibandiko inasema usubiri siku ngapi kabla ya kuchuma, na usipulize asubuhi wakati maua yamefunguka. Puliza jioni nyuki wakiwa wamesharudi. Ukiua nyuki wa mtaa, usishangae mwakani hakuna boga.

KUKAUSHA

Wazee wetu hili walishalimaliza zamani. Wagogo wanakausha mlenda na kuutwanga kuwa unga, unakaa mpaka mvua nyingine. Wasukuma wana michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, na matobolwa, ambavyo vimechemshwa kwanza. Wana na nsansa, majani ya kunde makavu, ukiyapika na karanga utasahau nyama. Kwa hiyo msije mkaniambia kukausha mboga ni mradi wa wafadhili.

Namna ninayofanya mimi na mama: majani ya kunde, mchicha au matembele tunayaosha, tunayachovya kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika mbili tatu, halafu tunayatoa. Huko kuchemsha kidogo kunazuia jani lisiendelee kubadilika rangi na ladha likiwa kwenye hifadhi. Tunayachuja, tunayatandaza kwenye ungo, jani lisilalie jani. Ungo unawekwa juu ya kichanja, siyo chini kwenye vumbi la kuku, na juu unafunikwa kipande cha neti safi ambayo haijawekwa dawa.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi tunalikosea: ni KIVULINI, siyo juani. Jua kali linaharibu ile vitamini A ya kwenye mboga za majani, ambayo ndiyo inayowafaa watoto. Huku Dodoma hewa ni kavu, siku moja au mbili jani linavunjika mkononi kama karatasi. Likiwa bado linajikunja bila kuvunjika, halijakauka, litaota ukungu. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, mahali pa giza, andika tarehe. Pwani huko kwenye unyevu mtahitaji siku zaidi, na ikibidi kikaushio cha sanduku lenye nailoni juu na matundu ya hewa.

Mlenda hatuuchemshi, tunaukausha mbichi kivulini na kuutwanga. Nyanya tunazikata vipande, tunazinyunyizia chumvi, hizo tunaanika juani kwa sababu zina maji zaidi ya asilimia 90 na zikichelewa zinachacha. Usishangae ndoo nzima ikigeuka mfuko mdogo.

Kuhusu chupa, nisikilizeni vizuri. Siku hizi kuna video za watu wanachemsha maharage machanga au karoti, wanatia kwenye chupa na maji, wanafunga na kuhifadhi kabatini. Ni hatari. Kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum, mbegu zake hazifi kwenye maji yanayochemka ya nyuzi 100. Zinahitaji nyuzi 121, na hizo unazipata kwenye mtungi maalumu wa mvuke wa shinikizo, siyo sufuria. Ndani ya chupa isiyo na hewa anatengeneza sumu inayopooza mwili, na chakula kinaweza kisinuke wala kubadilika. Anachokiogopa ni ukali. Ndiyo maana achari ya pilipili au embe yenye ndimu au siki ya kutosha haina neno. Sosi ya nyanya ya kuweka chupani iongezwe maji ya ndimu, manake nyanya nyingine ukali wake uko mpakani. Mboga za kawaida zisizo kali zikaushe tu, achana na chupa.

NYUKI

Tanzania tuna nyuki wa makundi mawili ambao watu wanafuga. Kuna nyuki wakubwa, hawa wa mzinga tunaowajua, wenye mwiba. Na kuna nyuki wadogo wasiouma, weusi weusi, ukiwaona utadhani ni sisimizi waliopata mabawa. Wanaishi kwenye pango la mti au tundu la ukuta, na mlangoni wanajenga kimrija cha nta na utomvu.

Nyuki wakubwa usiwaweke uani mjini. Najua kuna watakaobisha kwamba babu zao Singida na Tabora wana mizinga na hakuna aliyekufa. Babu aliitundika porini, juu ya mti, siyo nyuma ya choo cha wapangaji. Hawa wa kwetu ni wakali kwa asili. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki wa Afrika, wengine kutoka Afrika Kusini na wengine Tanganyika, ili apate nyuki wazalishaji zaidi. Mwaka 1957 makundi kadhaa yakatoroka, yakachanganyika na nyuki wa kule waliotoka Ulaya, na kufika 1990 yalishaingia Texas, Marekani. Ndiyo hao dunia inawaita nyuki wauaji. Ni ndugu wa hawa hawa wa kwetu.

Akikuuma mmoja, anaachia harufu inayofanana na ndizi mbivu, na harufu hiyo inawaita wenzake. Mtu mzima atakimbia. Mtaani kwetu kuna jamaa aliweka mzinga nyuma ya nyumba, watoto wakaugonga na mpira. Watoto walikimbilia ndani, lakini mbuzi wa jirani alikuwa kwenye kamba. Hakupona. Kesi ilimalizwa kwa balozi kwa kulipa mbuzi, ila mpaka leo hao watu wawili hawasalimiani. Kuku bandani, mbuzi kwenye kamba, mzee asiyeweza kutembea, hao ndo wa kuwafikiria. Ukishambuliwa, funika uso, kimbilia ndani, mwiba ukwangue haraka, na mtu akianza kushindwa kupumua ni hospitali moja kwa moja.

Ukiwataka wakubwa, tafuta eneo mbali na nyumba na njia, na uonane na ofisa nyuki wa wilaya kabla. Ufugaji nyuki una sheria yake, ya mwaka 2002.

Kwa uani, nyuki wadogo. Wanaweza kung'ata nywele na kukukera masikioni, lakini hawachomi. Sanduku la mbao nene kiasi, ukubwa wa katoni ya viatu, tundu la kalamu kwa mlango, linatosha. Ukiwahamisha kutoka kwenye gogo lililokwisha katwa, hamisha sehemu ya watoto pamoja na malkia, kwa sababu malkia aliyekwisha anza kutaga anakuwa na tumbo kubwa na hawezi kuruka kukufuata. Bandika kile kimrija chao cha zamani kwenye mlango mpya, weka sanduku pale pale gogo lilipokuwa, waliokuwa matembezini watarudi. Vijungu vya asali vilivyopasuka usiviweke ndani, vitaita sisimizi na nzi. Miguu ya kichanja ipake grisi.

Wapate kivuli, na kiangazi uwawekee sahani ya maji yenye kokoto wasizame. Mlonge ni mti mzuri sana kwa hili, unatoa maua muda mrefu na majani yake ni mboga unayoweza kukausha.

Asali yao iko kwenye vijungu vidogo vya nta, siyo masega. Unaivuta kwa bomba jipya la sindano bila sindano, na unawaachia angalau nusu. Ni kidogo, lita moja au mbili kwa mwaka ni bahati nzuri, ila bei yake kwa lita inaipita mbali asali ya kawaida. Ina uchachu, na ina maji mengi, mara nyingi zaidi ya asilimia 25, wakati asali iliyoiva ya nyuki wakubwa ni kama 20 au chini. Kwa hiyo inachacha upesi. Iweke kwenye friji, au uza mapema. Mteja akikuambia "hii umechanganya maji", mweleze hivyo. Na asali yoyote, ya wadogo au ya wakubwa, mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe hata ya kulamba, ni kwa sababu ya yule yule bakteria niliyemtaja kwenye chupa.

Kama unataka kuanza sasa na mvua haijafika, anza na gunia na maji ya kusuuzia. Sanduku la nyuki litengeneze taratibu, ulitundike wakati maua yanaanza. Mdau wa Singida, Tabora au Kondoa, hawa nyuki wadogo kwenu mnawaitaje kwa kilugha, na mnawapata kwenye mti gani? Tuwekee hapo chini.