Raifo nafuu ya kuwindia: Kaliba na kibali kwanza, bei baadaye

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MKAZI wa Bunju, Mbagala au Chamazi anayekusudia kununua bunduki ya kuwindia kwa fedha kidogo hana budi kujibu maswali matatu kabla ya kuuliza bei: atawinda mnyama gani, risasi zake atazipata wapi, na je, kibali cha kumiliki silaha kimekwisha kutolewa? Anayetanguliza bei huweza kujikuta amelipia silaha ambayo hawezi kuichukua dukani, au ambayo haimfai kwa mnyama aliyeandikwa katika leseni yake ya uwindaji.

Silaha inayomfaa zaidi mwindaji wa kipato cha kati ni raifo ya bolti. Mpigaji huinua mkono wa bolti na kuuvuta nyuma ili ganda la risasi litoke, kisha huusukuma mbele na kuushusha ili risasi nyingine iingie na kufungwa. Ina vipande vichache, husafishwa kwa urahisi na hustahimili vumbi la porini. Aidha, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa silaha za kufyatua mfululizo, hivyo raifo ya bolti humweka mwindaji mbali na kosa hilo.

Muundo wake si mgeni nchini. Raifo nyingi za kuwindia za leo zimetokana na ile iliyobuniwa na Mjerumani Paul Mauser na kuingia jeshini mwaka 1898. Katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa bado wanatumia bunduki za muundo wa mwaka 1871, ambazo baruti yake ilitoa moshi mzito uliomfichua mpigaji. Baada ya ushindi walijizatiti kwa raifo za kisasa zaidi walizoziteka kwa Waingereza. Funzo lake halijachakaa: bunduki hupimwa pamoja na risasi zake.

Kaliba ipi inafaa?

Kaliba ni kipimo cha upana wa mtutu na risasi yake. Kwa swala pala, tohe, ngiri na kongoni, kaliba za kati zinatosha. Miongoni mwake ni .30-06, iliyotoka Marekani mwaka 1906, .308 Winchester ya mwaka 1952, na ile ya Kijerumani ya 7x57. Mateke yake begani yanavumilika, na mwindaji asiyeogopa bunduki yake hulenga vizuri zaidi.

Nyati ni habari nyingine. Kwa miongo mingi wawindaji wa Afrika Mashariki wameihesabu .375 H&H Magnum, iliyotolewa Uingereza mwaka 1912, kuwa kiwango cha chini kwa mnyama huyo. Risasi yake ya kawaida ina uzito wa gramu 19 hivi, ilhali ile ya .30-06 ina gramu 12 hivi. Nyati aliyejeruhiwa kwa risasi hafifu huingia kichakani na kumngoja anayemfuata. Hapo nafuu ya bei hugeuka hatari ya maisha.

Mpya au iliyotumika?

Miongoni mwa raifo mpya za bei ya chini katika soko la dunia ni Savage Axis, Ruger American na Mossberg Patriot za Marekani, pamoja na Howa 1500 ya Japani na Zastava M70 ya Serbia. Nyingi kati ya zile za Marekani huuzwa na kitako cha plastiki, na nafuu hiyo haiharibu shabaha. Hata hivyo, zaidi zimekusudiwa kaliba za kati.

Kwa raifo zilizotumika, Brno na CZ 550 za Kicheki zina sifa njema kwa wawindaji wa Afrika, hasa kwa kaliba kubwa. CZ ilizindua CZ 600 mwaka 2021 kushika nafasi ya mtangulizi wake, hivyo CZ 550 hupatikana zaidi mikononi mwa wamiliki wa awali.

Bunduki iliyotumika isilipiwe kabla fundi wa silaha mwenye leseni hajaikagua. Mtutu utazamwe ndani kwa mwanga, kwani hewa ya chumvi ya pwani hula chuma haraka. Bolti ifunge bila kulegea, kizuizi cha usalama kishike, na kitako kisiwe na ufa. Namba iliyochapwa kwenye chuma ilingane na iliyo katika nyaraka; ikiwa imekwanguliwa, mnunuzi aondoke.

Njia ya kibali

Umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi huanzia serikali ya mtaa anakoishi mwombaji, hupita katika kata na wilaya, na kushughulikiwa na Jeshi la Polisi. Wakazi wa Mbezi na Kibamba wakumbuke kuwa sasa wako Wilaya ya Ubungo, si Kinondoni tena, na wa Kigamboni hawako tena Temeke.

Kibali cha silaha si ruhusa ya kuwinda. Leseni ya uwindaji hutolewa peke yake, ikitaja aina ya mnyama, idadi na eneo. Gobore la kienyeji lisilosajiliwa nalo si njia ya mkato: ni kosa la jinai, na mtutu wake huweza kumpasukia mpigaji.

Bajeti iache nafasi ya risasi za mazoezi, darubini imara, ada na kabati la chuma lenye kufuli. Shabaha ipimwe katika uwanja ulioruhusiwa, kamwe si uani, kwani risasi ya raifo huweza kusafiri zaidi ya kilomita tatu, na vitongoji vya Dar es Salaam vimejaa nyumba.

Kwa mwenye fedha chache, basi, uamuzi wa busara ni kaliba moja ya kati, mtutu usio na kutu na risasi zinazopatikana madukani. Nyati asubiri hadi fedha ya .375 itakapotimia.