Mlegeo wa plastiki

Mlegeo ni kubadilika umbo polepole kwa kitu cha plastiki kinachobeba mzigo ulio chini ya nguvu zake, kwa miezi au miaka. Kiti cha polipropilini hutanua miguu. Kreti iliyo chini kabisa ghalani hubonyea kuta. Wanunuzi hulaumu wembamba wa plastiki, lakini mara nyingi kasoro ilianzia ndani ya kalibu.

Kupoa

Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 165 hivi za Selsiasi, na husukumwa kwenye kalibu ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 200. Ikipoa, sehemu ya molekuli zake ndefu hujipanga kuwa fuwele. Zilizobaki huendelea kusokotana. Fuwele ndizo zinazoshikilia umbo. Kalibu baridi mno hugandisha ngozi ya nje kabla molekuli hazijajipanga, huku kiini kikichelewa kupoa na kutaka kusinyaa ilhali ngozi imeshakuwa ngumu. Mkazo hufungiwa humo, kisha kipande hujipinda chenyewe hata kabla ya kukaliwa. Kiwanda chenye pupa huokoa sekunde chache, na hasara humwangukia mnunuzi.

Plastiki zisizo na fuwele, kama polistirini na polikaboneti, zina tabia nyingine ya ajabu. Leendert Struik wa taasisi ya TNO, Uholanzi, alionyesha katika kitabu chake cha 1978 kwamba huendelea kujibana kwa miezi na miaka baada ya kupoa, na kadiri zinavyokaa ndivyo mlegeo unavyopungua kasi. Kipimo kisichotaja umri wa kipande hakifai kuaminiwa.

Shinikizo na mkondo

Shinikizo linalosukuma plastiki kwenye kalibu likiondolewa mapema, matundu hubaki kwenye sehemu nene. Mikondo miwili ya plastiki iliyoyeyuka inapokutana hubaki mstari dhaifu. Nyuzi za kioo, zinapochanganywa na plastiki ili kuiimarisha, hulala kufuata mkondo karibu na ngozi, na mara nyingi hukingama katikati, hivyo ugumu hutofautiana kwa kila upande.

Unyevu

Nailoni isiyokaushwa hukatika molekuli inapoyeyushwa, kwa sababu ya maji yaliyomo.

Upimaji

Kiwango cha kimataifa cha ISO 899 hutumika kupima mlegeo. Mwaka 1987 William Findley wa Marekani alichapisha matokeo ya majaribio ya PVC na polithini yaliyochukua miaka 26, subira ya nadra katika fani hii.

Matumizi ya sasa

Uimara wa mabomba ya maji ya polithini hukadiriwa kwa miaka 50.