Vigogo, vibonde na mechi za Septemba

Mwaka 1913 timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kikuu cha Notre Dame ilisafiri hadi West Point kucheza na chuo cha jeshi. Isingekuwa na haja ya kwenda mbali hivyo kama vyuo vikubwa vya jirani, vyenye ligi yao tangu 1896, visingeikataa. Gus Dorais wa Notre Dame akamrushia mwenzake Knute Rockne pasi ndefu ambazo wanajeshi hawakuzizoea, Notre Dame ikashinda 35-13, na jina likajengwa ugenini.

Wengine walipenda mteremko. Mwaka 1916 Georgia Tech iliichapa Cumberland 222-0, chuo kilichokuwa kimeshavunja timu yake na kilichokuja kwa kuogopa faini tu.

Katika mchezo huu msimu ni mfupi, na kwa miongo mingi bingwa alipatikana kwa kura. Kupoteza mechi moja kungeweza kuharibu mwaka mzima. Ndiyo maana kocha Bill Snyder, aliyeichukua Kansas State mwaka 1989 ikiwa hoi, aliijaza Septemba vibonde: ushinde kwanza, wachezaji wazuri watakuja. Mwaka 1998 hakufungwa hadi fainali ya ligi, alipolala kwa Texas A&M. Akaishia kupelekwa Alamo Bowl, mechi ya hadhi ya chini.

Kibonde naye haji bure. Appalachian State ililipwa dola 400,000 kwenda Ann Arbor, tarehe 1 Septemba 2007, kufungwa na Michigan iliyoshika nafasi ya 5 nchini. Fedha za namna hiyo hulisha bajeti ya michezo ya chuo kidogo. Sekunde za mwisho, wageni wakiongoza 34-32, Michigan ilipiga mpira wa kuokoa jahazi. Corey Lynch wa Appalachian State akauzuia, akaukimbiza hadi muda ukaisha, mbele ya watu zaidi ya 109,000.

Kisha ikaja kamati ya kuchagua timu za mchujo wa ubingwa. Mwaka 2014 Baylor ilipoteza mechi moja tu, lakini nje ya ligi ilikuwa imecheza na SMU, Northwestern State na Buffalo, ikaachwa. Ohio State, iliyochapwa nyumbani na Virginia Tech mwezi Septemba, ikaingia na kutwaa ubingwa. Kwangu hiyo ndiyo hukumu bora kuliko zote: kufungwa na timu ya maana mapema kunasameheka.

Mwaka 2024 nafasi za mchujo zikawa 12. Indiana, iliyofuta mechi zake na Louisville, iliingia. Alabama, iliyopoteza tatu, ikabaki nje. Mkurugenzi wake wa michezo akasema watatafakari upya kucheza na wakubwa nje ya ligi. Hasira hizo zilikosea mlango. Mechi ngumu ya nje ya ligi ilikuwa ya Wisconsin, na Alabama ilishinda 42-10 huko huko Madison. Waliowatoa ni Vanderbilt, Tennessee na Oklahoma, wote wa ligi yao. Kigogo mmoja kila Septemba, na vibonde walipwe chao: ratiba hiyo haikuiponza Alabama mwaka ule.