Tiketi ya kuzunguka dunia na kanuni za kusi na kaskazi

Wasee, juzi nilikaa na kalamu nikajichorea safari ya kuzunguka dunia. Tiketi za aina hiyo zipo kweli: unanunua moja, unapewa hadi mwaka mzima, unazunguka mpaka unarudi ulikoanzia. Pesa sina, lakini kuchora ni bure. Nikaandika: Mombasa, Doha, Muscat, Mumbai, halafu nirudi Muscat kidogo kusalimia jamaa, ndo niendelee hadi Tokyo.

Kufungua kanuni, nikagonga mwamba. Kutoka Mumbai, Muscat hurudi. Ukishavuka kuelekea mashariki, ni mbele kwa mbele.

Nilikasirika. Nikamwambia mzee mmoja mvuvi hapa Tiwi, eti sisi watu wa pwani tumeenda Maskati na Bara Hindi na kurudi miaka mia kadhaa, leo kompyuta inanizuia? Akacheka. "Kwani mjukuu wangu, ulidhani jahazi lilikuwa likienda linapotaka?"

Hapo nikaona nimechemka. Manake bahari yetu ilikuwa na kanuni kali kuliko shirika lolote la ndege.

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Huo ndio ulioleta majahazi kutoka Uarabuni na India. Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei, na huo ndio uliowarudisha. Ukichelewa kuuza mzigo wako na msimu ukapita, unakaa. Si siku mbili, ni miezi. Na kulikuwa na kikomo cha umbali pia. Merikebu iliyotoka ng'ambo ingeweza kushuka hadi Kilwa na bado ikawahi upepo wa kurudi. Kwenda zaidi, hadi Sofala kwenye dhahabu, ilikuwa kujitafutia msimu mwingine. Ndo maana Kilwa ilitajirika: ilikaa pale upepo ulipokomea, dhahabu ikaletwa kwake. Ibn Battuta alipopita Mombasa na kufika Kilwa mwaka 1331, alikuta mji mkubwa. Sasa unajua kwa nini.

Na aliyevunja kanuni? Muulize Vasco da Gama. Aprili 1498 aliondoka Malindi na rubani aliyepewa huko, kusi ikianza, akafika India chini ya mwezi mmoja. Kurudi, hakungoja kaskazi. Aliacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba na hakuiona Afrika hadi Januari 1499. Karibu miezi 3 baharini, na watu wapatao 30 walikufa njiani kwa ugonjwa wa kukosa matunda na mboga. Mabaharia waliobaki hawakutosha meli 3, kwa hivyo mojawapo, São Rafael, ilichomwa moto upande wa Tanga. Kutoka Malindi hadi Tanga lazima upite bahari yetu hii. Yaani adhabu ya kwenda kinyume na njia ilipita hapa mbele ya Tiwi.

Lakini upepo haukuwa na mwenyewe. Haukumpendelea Mreno wala Mdigo. Hizi kanuni za leo zina wenyewe.

Mwaka 1944, vita vikiwa bado, mataifa yalikutana Chicago kupanga nani anaruhusiwa kuruka anga ya nani. Afrika nzima ilikuwa na viti 4: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini ya makaburu. Kenya ilikuwa koloni, kwa hivyo Uingereza ilikuwa ikituongelea. Tulijiunga na mkataba huo mwaka 1964, meza ikiwa imeshapangwa. Mwaka 1945 mashirika ya ndege nayo yakaunda IATA, chama ambacho hadi leo kinaigawa dunia katika kanda 3: Amerika zote mbili; Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati; kisha Asia na Pasifiki. Muscat iko kanda ya pili pamoja na sisi. Mumbai iko ya tatu. Ndo hapo safari yangu ilipofia.

Na usidhani wakubwa hawakubanwa. Juni 1947 Pan Am ilianza safari za kuzunguka dunia, lakini haikuwa na ruhusa ya kubeba abiria ndani ya Marekani kwenyewe. Duara lao likawa na pengo kati ya San Francisco na New York. Hapo abiria alitafuta ndege nyingine.

Tuje leo. Chukua tiketi ya oneworld Explorer. Bei inafuata idadi ya mabara utakayogusa, kuanzia 3 hadi 6. Vipande vya safari ni 16, basi. Lazima uvuke Atlantiki na Pasifiki, na uelekeo ni mmoja kati ya zile kanda. Ukitua mji mmoja na kuondoka mwingine, hata kama katikati umepanda matatu, pengo hilo linahesabiwa kipande. Ukikaa mahali zaidi ya saa 24, hicho ni kituo. Chini ya hapo, unapita tu. Star Alliance wao hupima maili.

Sasa sikiza hii. Ndani ya kila bara oneworld wanakupa ndege 4, isipokuwa Amerika Kaskazini inayopata 6. Mwanachama wao pekee kutoka Afrika ni Royal Air Maroc, na kwenye hesabu ya tiketi hiyo Moroko inawekwa pamoja na Ulaya! Kusini mwa Sahara hawana mwanachama hata mmoja. Ruhusa ya ndege 4 unayo, ndege zenyewe utazitafuta kwa tochi. Ukitaka kuiona Afrika vizuri, heri Star Alliance yenye Ethiopian, au SkyTeam ambako Kenya Airways ni mwanachama kamili tangu 2010. Na ndege zetu za Ukunda haziko kwenye muungano wowote, kwa hivyo mtu wa Tiwi analipa safari ya kwanza kando.

Maoni yangu ni haya. Wageni wenye tiketi hizi tunawabebea mabegi kila siku, lakini kanuni hatuzisomi. Mzee wangu hajawahi kupanda ndege, ila kusi na kaskazi anazijua kwa mwezi na kwa harufu ya bahari, kwa sababu asiyezijua hakurudi nyumbani. Sisi tunaona kanuni ndefu tunabonyeza kukubali. Tusiposoma njia zimechorwa vipi, hata siku tukipewa kiti mezani hatutajua tuombe nini.

Mimi nimechora upya: Mumbai kwanza nimeifuta, nakaa Muscat wiki mbili, ndo nivuke. Jamaa watanivumilia. Na wewe, ukipewa vipande 16 ukianzia Mombasa, cha kwanza unakitumia wapi?