Nani ameshika kaye ya watoto wasiokaa kalasini?

Muulize direktere yeyote wa masomo ya msingi hapa Lubumbashi ana watoto wangapi. Atafungua kaye na kukujibu mara moja: kalasi ya kwanza hawa, kalasi ya pili hawa, wasichana hawa, wavulana hawa. Sasa muulize ni watoto wangapi wanaokaa kwenye avenyu za karibu na hawajaingia hata siku moja. Hapo kaye inanyamaza. Kosa si lake. Kaye ya masomo inaandika mtoto aliyefika. Asiyefika hana mstari.

Ndugu wasikilizaji, na ninyi familia muliokimbia makwenu na kufika hapa kwetu Kasungami, leo turudi nyuma kidogo. Tuangalie ni nani katika mji huu aliyewahi kuhesabu watoto, na aliwahesabu juu ya nini. Kila kaye ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na hesabu zake.

Kaye ya posho

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mji wenyewe, ambao wakati ule uliitwa Élisabethville, ulianza 1910. Miaka ya kwanza kampuni ilitafuta wanaume peke yao, wengi kutoka mbali, hata Rhodesia. Walifanya kazi miezi kadhaa, kisha wakarudi kwao. Magonjwa yaliua wengi, na kutafuta wengine kila mara kulikula makuta mengi. Basi mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadilisha mpango: mfanyakazi akae kampini pamoja na mke na watoto.

Tangu hapo mtoto akawa na hesabu, kwa sababu posho ya nyumba ilipimwa kufuatana na watu waliomo. Masomo ya kampini yaliwekwa mikononi mwa wamisionari, hasa Wabenediktini wa Monsenyeri Jean-Félix de Hemptinne. Kampi ilijua nyumba fulani ina watoto wangapi na wana miaka mingapi. Mtoto kupotea machoni mwa wakubwa ilikuwa vigumu.

Lakini tusisifu bila kuangalia. Kampuni ilimtunza mtoto yule kwa sababu ndani yake iliona mfanyakazi wa kesho. Alifundishwa kusoma, kuhesabu, kusali na kutii. Kupanda juu zaidi ilikuwa bahati ya wachache. Na mtoto ambaye baba yake hakuwa na kazi ya kampuni, yule wa cité au wa kijijini, alitegemea kama misioni iko karibu. Ni tangu mwaka 1954, wakati wa minista Auguste Buisseret, ndipo koloni ilianza kufungulia watoto weusi masomo ya serikali yasiyo ya dini. Miaka sita baadaye uhuru ukafika.

Mtoto akihama, kaye inabaki

Mwaka 1961, wakati Katanga ilikuwa imejitenga, Waluba wengi hapa mjini waliogopa kuuawa wakakimbilia kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Katika majuma machache kampi yao ilikusanya watu zaidi ya 35,000. Mwaka uliofuata walisafirishwa kuelekea Kasai na kaskazini mwa Katanga. Fikirini watoto waliokuwa mle. Jana walikuwa na kalasi, mwalimu na namba kwenye kaye. Leo wako chini ya hema, na kaye yao imebaki kwenye kartie ambako hawawezi tena kukanyaga.

Miaka thelathini baadaye jambo kama hilo likarudi. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala na watoto kwenye gare wakingoja treni. Kisha wakaja waliokimbia Mai-Mai upande wa Mitwaba, Pweto na Manono, kisha waliokimbia mapigano ya Watwa na Waluba kule Tanganyika. Kila mara ni habari moja: mzazi anabeba mtoto, sufuria na godoro. Biletini za masomo zinabaki nyumbani, au zinaungua pamoja na nyumba.

Kaye ya makuta

Kuna pia watoto waliopotea bila kuhama. Union Minière ilichukuliwa na serikali mwaka 1967, na kisha ikajulikana kwa jina la Gécamines. Masomo yake yaliendelea kupokea watoto wa wafanyakazi. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka, na kufika 1994 shaba ilikuwa karibu tani 30,000 tu. Mishahara ikachelewa, kisha ikakosekana. Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi wanajua hiari hiyo ilikuwa ya namna gani.

Wakati uleule serikali yenyewe ilikuwa imeacha kulipa walimu inavyofaa. Tangu mwaka 1992 wazazi wakaanza kulipa ili mwalimu apate kula. Ilikuwa mpango wa muda mfupi, ukadumu zaidi ya miaka ishirini na mitano. Hapo kaye ya masomo ikageuka kaye ya makuta. Mtoto ambaye hajalipa alisomwa jina mbele ya wenzake akarudishwa nyumbani. Akirudishwa mara tatu, mara nne, alibaki nyumbani. Jina likapigwa mstari, lakini halikuhamishwa kwenye orodha nyingine yoyote. Hakuna aliyeuliza kama ameenda kuchimba, kuuza makala, au kubeba mtoto wa dada yake.

Hesabu iliyopita mlangoni

Kwa sheria mambo yamebadilika. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika nyumba za masomo za serikali. Bure yenyewe ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Watoto wakafurika, kalasi zikajaa kupita kiasi, na walimu wengi wapya wakafundisha muda mrefu bila mshahara. Hata hivyo, mlango ulifunguka kwa maelfu ya watoto ambao makuta yalikuwa yamewafungia. Waliobaki nje sasa ni wale ambao hata mlango uliofunguliwa hauwafikii.

Wako wangapi? Sensa ya mwisho ya watu katika nchi yetu ni ya mwaka 1984. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mzazi, labda babu. Hesabu moja iliyotupa mwanga ni ile ya mwaka 2012: ilikuta watoto na vijana milioni 7.3 wa miaka 5 hadi 17 wakiwa nje ya masomo. Ilipatikanaje? Waliofanya hesabu hawakukaa kwa direktere wakisoma kaye. Walienda nyumba kwa nyumba wakauliza: hapa munakaa na watoto wangapi, na nani anasoma?

Somo la historia yote hii ni hilo. Mtoto asiyesoma hapatikani kwenye masomo. Anapatikana mlangoni kwao.

Na kupita mlangoni si kazi tusiyoiweza. Wakati wa chanjo ya polio, wachanjaji wanapita parseli kwa parseli, wanatia alama kwenye kidole cha mtoto na chaki kwenye mlango. Wanafika Kasungami, wanafika hata kwenye nyumba ambazo bado ni tofali mbichi. Wanamtafuta mtoto wa chini ya miaka mitano hadi wamwone. Kaka yake wa miaka tisa amesimama palepale, saa nne ya asubuhi, siku ya masomo, na hakuna anayemuuliza kitu. Swali moja tu lingetosha, na mtu wa kuliandika. Shefu wa avenyu anajua nani amehamia juzi na nani analala kwa nani. Kaye yake ndiyo iliyo karibu zaidi na mtoto.

Kwa familia zilizokimbia

Najua kuna hofu. Mtu aliyefukuzwa kwa sababu ya asili yake hafurahi kuona mgeni na kalamu mlangoni. Yuko na haki ya kuuliza: jina langu linaenda wapi? Kwa hiyo anayeandika watoto asiulize kabila wala kijiji cha baba. Jina la mtoto, miaka yake, kalasi aliyofikia: vinatosha kumtafutia mahali. Orodha inayouliza zaidi ya hapo itakimbiwa, na watoto watakimbia nayo.

Tena, si kila mtoto aliye nje ya kalasi amepotea. Kuna santa za kufidia masomo, ambako mtoto wa miaka 9 hadi 14 anamaliza miaka sita ya masomo ya msingi katika miaka mitatu. Kuna Wasalesiani wa Bakanja ambao wanapokea watoto wa barabara na kuwarudisha kwenye kusoma. Kuna binti anayefundishwa kushona, na kijana aliye garaji kwa fundi huku kaka yake anamfundisha kusoma jioni. Hao nao waandikwe, kila mmoja na mahali anapojifunzia. Tusipowaandika, tutamhesabu anayejifunza pamoja na aliyeachwa, na aliyeachwa ataendelea kufichika nyuma yake.

Basi mama, baba, kama biletini iliungua, usimkalishe mtoto nyumbani ukingoja karatasi. Mwambie direktere kalasi aliyofikia, mahali, na mwaka. Omba apimwe kwa kusoma na kuhesabu. Mjulishe shefu wa avenyu kwamba una mtoto asiyesoma, si haya. Na wewe jirani mwenye parseli, unayempangishia mtu chumba, kodi ikilipwa uliza pia watoto wanasoma wapi.

Kampuni iliwahesabu watoto kwa sababu ilihitaji wafanyakazi. Masomo yakawahesabu kwa sababu ya makuta. Mtoto wa Kasungami anangoja ahesabiwe kwa sababu ni mtoto tu, na kaye hiyo haihitaji kampuni. Inahitaji mtu wa avenyu yake.