Mafuriko ya Mto Songwe

Mafuriko ya Mto Songwe ni mafuriko yanayotokea mara kwa mara katika bonde la Mto Songwe, hasa kwenye tambarare ya chini karibu na mdomo wake katika Ziwa Nyasa. Mto huu ni sehemu ya mpaka kati ya Tanzania na Malawi, kwa hiyo mafuriko yake huhitaji mwitikio wa serikali mbili.

Mto huu usichanganywe na Mto Songwe mwingine unaopita magharibi ya jiji la Mbeya na kuishia katika Ziwa Rukwa.

== Jiografia ==
Mto Songwe una urefu wa takriban kilomita 200. Unaanza katika nyanda za juu za Mkoa wa Songwe, mkoa uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016 na ambao makao makuu yake yako Vwawa. Baadaye unapita kati ya Wilaya ya Ileje upande wa Tanzania na Chitipa upande wa Malawi, kisha kati ya Kyela na Karonga hadi ziwani.

Sehemu ya juu ina milima na mteremko mkali. Sehemu ya chini ni tambarare, na mto hupita humo kwa kujipindapinda. Wakazi wa tambarare hiyo hulima mpunga, na Kyela inajulikana pia kwa kakao. Rutuba ya mashamba inatokana na matope yaliyoletwa na maji ya mafuriko kwa karne nyingi. Ndiyo sababu watu wengi hurudi kulima kandokando ya mto hata baada ya kupata hasara.

== Sababu ==
Mkoa wa Songwe hupata msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili. Kyela hupata mvua nyingi zaidi kwa sababu ya ziwa na milima ya jirani, na mwezi Aprili ndio hatari zaidi.

Maji yanayoshuka kwa kasi kutoka milimani hupunguza mwendo yakifika tambarare. Hapo huacha mchanga na matope, kina cha mto hupungua na maji hufurika kingo. Ukataji wa miti na kilimo cha kwenye miteremko bila makinga maji huongeza kiasi cha udongo unaochukuliwa. Kina cha Ziwa Nyasa kikipanda, maji ya mto hutoka polepole zaidi mdomoni, na vijiji vya ufukweni huweza kufurikwa kutoka pande zote mbili.

== Athari ==
Mafuriko huharibu nyumba, mazao, barabara na vyanzo vya maji ya kunywa. Vyoo vikijaa maji, hatari ya kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara huongezeka.

Athari ya pekee ya mto huu ni kuhama kwa mkondo. Baada ya mafuriko mto unaweza kukata njia mpya, na mkulima akakuta shamba lake liko ng'ambo. Jambo hili huleta utata kuhusu umiliki wa ardhi na mahali mpaka unapopita. Mto Songwe ulitajwa kuwa mpaka katika mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890.

== Mwitikio wa serikali ==
Nchini Tanzania shughuli za maafa huongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 2015. Uratibu wa kitaifa uko chini ya Idara ya Menejimenti ya Maafa katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Chini yake ziko kamati za maafa za mkoa, wilaya, kata na kijiji.

Kwa kawaida hatua hufuatana hivi:
* Tahadhari: Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu pamoja na taarifa za hali mbaya ya hewa katika ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa.
* Uokoaji: wanakijiji wenyewe huwa wa kwanza kuokoa, mara nyingi kwa mitumbwi. Hufuatwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na vyombo vingine vya ulinzi.
* Hifadhi ya muda: waliopoteza makazi hupokewa na ndugu au kuwekwa katika majengo ya umma kama shule.
* Tathmini na misaada: kamati huhesabu kaya zilizoathirika, kisha hugawa chakula, mablanketi na dawa. Chama cha Msalaba Mwekundu husaidia kazi hiyo.

Misaada hii si fidia. Mkulima aliyepoteza mpunga hupewa chakula cha kujikimu, lakini halipwi thamani ya mazao yake.

Uzito wa mfumo huu ulionekana katika msimu wa mvua wa 2023/2024, ulioathiriwa na El Niño. Mwezi Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini kutokana na mafuriko na maporomoko.

== Kinga ya muda mrefu ==
Mwaka 2017 Tanzania na Malawi zilitia saini mkataba wa kuunda Kamisheni ya pamoja ya Bonde la Mto Songwe, yenye ofisi Kyela. Mpango wake unahusu bwawa la kupunguza mafuriko, kuzalisha umeme na kumwagilia mashamba, pamoja na kuimarisha kingo ili mto usihamehame.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Utekelezaji wake ni mgumu mahali ambapo ardhi hiyohiyo ndiyo yenye rutuba kuliko zote, na mto wenyewe hubadilisha ukingo.

== Tazama pia ==
* Ziwa Nyasa
* Wilaya ya Ileje
* Wilaya ya Kyela
* Mkoa wa Songwe